Picha Iliyoziba Dirisha la Kuku

Mwaka wa tisini na saba mvua zilinyesha Usagara, karibu na Mwanza, mpaka watu wakachoka kuzizungumzia. Pale njia panda palikuwa tope tupu. Malori ya pamba yalikwama, na abiria wa mabasi walishuka kusukuma na viatu mkononi.

Bibi Ng'washi hakuwa na haja na malori. Yeye alikuwa na kuku. Kila asubuhi alijifunga khanga kiunoni, akachukua bakuli la pumba na kwenda kufungua banda. Kuku kumi na mmoja walitoka mmoja mmoja, wakavu. Majirani zake walipoteza kuku kwa baridi na unyevu, yeye hakupoteza hata mmoja. Dirisha dogo la banda alikuwa ameliziba kwa picha ya zamani ya eksirei. Picha ile ilikuwa ngumu, nyeusi, na ilipitisha mwanga kidogo. Aliikuta kwenye vitu vya mkwe wake Paskazia, alivyoviacha pale baada ya harusi. Hakuna aliyeitumia, basi akaipigilia misumari minne.

Ng'washi alikuwa mjane. Alizaa wana wawili. Antoni, wa kwanza, alikufa miaka mitatu iliyopita akikohoa damu. Aliyebaki ni Nestory, ambaye aliishi Nyakato, mjini Mwanza, na mkewe Paskazia na mtoto wao Rebeka wa miezi mitano. Nestory alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kiliuzwa, wenye mali wapya wakataka watu wachache, na Nestory akapunguzwa. Sasa tumaini la nyumba lilikuwa kwa Paskazia. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilikuwa kinatafuta wanawake wa kukata samaki, na jina lake lilikuwa limeandikwa.

Jumatatu moja mchana Ng'washi aliwaona wote watatu wanakuja kwa miguu kutoka barabarani.

"Shikamoo mama," alisema Paskazia.

"Marahaba. Mbona mmekuja siku ya kazi?"

Nestory aliingia ndani, akatoa bahasha kubwa ya kaki chini ya koti lake.

"Mayu, kiwandani wanataka kila anayeajiriwa apigwe picha ya kifua," alimwambia mama yake. "Paskazia alipigwa Ijumaa. Kumeonekana kitu."

"Kitu gani?"

"Doa. Liko kwenye pafu la kulia."

"Nani amesema?"

"Karatasi imesema. Imeandikwa Kiingereza. Nimeisoma kwa kamusi."

Nestory aliishia kidato cha pili. Karatasi ile ilikuwa na mistari mitano tu. Msimamizi wa kiwanda aliwaambia warudi nayo Alhamisi, daktari awasomee. Lakini nani angengoja Alhamisi na bahasha iko mezani? Nestory aliifungua Jumapili. Alitafuta neno moja moja. Katika mstari wa pili alikuta neno "kinundu", halafu "pafu". Hapo alifunga kamusi. Mistari mitatu iliyobaki hakuigusa.

Ng'washi aliitoa picha, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga.

Hapa lazima tuseme jambo moja. Ng'washi hakuwahi kusoma shule, lakini kusoma alama alikujua. Baba yake alikuwa mfumu, mtu wa kutazama kuku. Mwenye tatizo alileta kuku, akamtemea mate mdomoni, kisha kuku akapasuliwa. Mfumu alitazama mifupa, mabawa na utumbo, akatafuta alama. Tangu utoto Ng'washi ndiye aliyeshika beseni. Alifahamu kwamba katika kuku hakuna alama ya bure. Alama hii ni adui, ile ni safari, nyingine ni kaburi. Kila moja ina neno lake, na kazi ya mfumu ni kulisema.

Basi aliisoma picha ya mkwe wake kama alivyofundishwa kusoma kuku. Aliona mbavu nyeupe na weusi katikati yake. Juu, upande wa kulia, aliona doa jeupe, dogo kama punje ya mtama.

Doa la namna hiyo alikuwa ameliona mara moja tu maishani. Antoni alipigwa teke na maksai, akapelekwa hospitali kupigwa picha ya mbavu. Daktari aliitazama, akasema mbavu zote nzima. Antoni alirudi nyumbani anacheka. Ng'washi aliishika picha ile juani, akaona kiwingu kidogo juu ya pafu. Alinyamaza, kwa kuwa daktari alikuwa amesema mbavu nzima. Haukupita mwaka na nusu, wakamzika Antoni. Tangu siku hiyo mama yule aliamini kwamba alama ikishaonekana kwenye picha, mtu huyo amekwisha.

Alimgeukia Paskazia. "Mtoto ananyonya titi lipi?"

"Yote mawili, mama."

"Doa liko nyuma ya titi la kulia."

Rebeka alikuwa anacheza na kifungo cha blauzi ya mama yake.

"Mtoto atabaki hapa," alisema Ng'washi.

"Mama, mimi siumwi. Sikohoi. Homa sina. Jana nimebeba ndoo sita za maji."

"Antoni naye alikuwa haumwi siku ile."

Paskazia alimtazama mumewe. Nestory alitazama sakafu. Kisha alisogea, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mkewe, akampa mama yake. Ng'washi aliona mikono ya Paskazia imebaki imekunjwa vile vile, kana kwamba mtoto bado yumo. Aliona, na moyo ulimuuma, lakini hakurudi nyuma. Alijua anaokoa uhai wa mjukuu wake. Jioni ile Paskazia alirudi Nyakato, matiti yamefungwa kwa khanga.

Maziwa yalitoka kwa Kashindye, mtoto wa shemeji wa Ng'washi, mfugaji aliyekaa ng'ambo ya korongo. Kila asubuhi Kashindye alileta chupa moja na maneno mengi.

"Mama mkubwa, haya ni ya yule ng'ombe mweusi. Huyu mtoto atakuwa na nguvu kuliko maksai."

Ng'washi aliyachemsha maziwa. Kisha, ili yasiwe mazito, aliyaongezea maji kutoka kwenye kisima cha bondeni. Maji hayo hakuyachemsha. Kisima chenyewe kilikuwa kimejaa mafuriko yaliyopita kwenye vyoo vya watu. Chupa ya mtoto aliinunua njia panda, na kila mara aliisuuza kwa maji hayo hayo.

Wiki ya kwanza Rebeka alilia. Alilia akitafuta kifua, akageuza kichwa huku na huku kwenye khanga ya bibi yake. Wiki ya pili alianza kuharisha. Siku ya kumi alinyamaza. Ng'washi aliufurahia ukimya huo asubuhi moja. Mchana akamtazama vizuri, akaogopa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Mdomo ulikuwa mkavu. Mtoto alimtazama bibi yake lakini hakumfuata kwa macho.

Zahanati ilikuwa karibu, mwendo wa nusu saa. Ng'washi hakwenda. Wewe unayesoma utamlaumu, na una haki. Lakini yeye alikuwa ameshasoma alama. Alimwekea Rebeka sikio kifuani, upande wa kulia, akasikiliza. Akajiambia kwamba doa limekwisha kumfikia, kwamba amemtoa mtoto kwenye titi akiwa amechelewa. Hospitali wangefanya nini? Jioni alitoka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na kaburi la Antoni. Alipima kwa macho nafasi iliyobaki pembeni yake.

Jumamosi asubuhi Paskazia alirudi. Alikuja na mama wa makamo, mwenye baibui jeusi na viatu vya mpira vilivyojaa tope.

Huyo alikuwa Bimdogo, jirani yao wa Nyakato. Bimdogo alifanya kazi hospitali miaka ishirini na miwili, katika chumba cha giza, akisafisha picha za eksirei. Siku mbili kabla alikuwa amemkuta Paskazia nyuma ya bafu anakamua maziwa yake chini kwenye mchanga. Alimuuliza kulikoni. Paskazia alimweleza yote huku analia, kisha akamletea ile bahasha.

"Hodi wenye nyumba," alisema Bimdogo.

"Karibuni," Ng'washi alijibu, lakini hakuinuka. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake.

Paskazia alimwona mwanawe. Alipiga magoti chini, akamchukua, na bibi hakumzuia. Bimdogo aliinama, akabana ngozi ya tumbo la Rebeka kwa vidole viwili, kisha akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, ikarudi polepole.

"Ameharisha siku ngapi?"

"Ya sita leo," alisema Ng'washi. "Ni lile doa. Limemfikia."

"Mama Nestory, habari ya doa tutaizungumza baadaye. Mtoto huyu anakauka. Una maji yaliyochemshwa?"

"Ya chai yapo."

"Nipe lita moja. Na sukari, na chumvi."

Bimdogo alipima mbele yao, akiwaonyesha. Alitia vijiko vidogo sita vya sukari, vimesawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Alikoroga, akaonja. "Yasizidi chumvi kuliko machozi," alisema. Kisha akamwambia Paskazia ampe kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kuacha.

"Na titi umpe," aliongeza.

"Usimpe titi hilo," alisema Ng'washi.

Bimdogo alimgeukia. Hakuwa na hasira, ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea wodi. "Mama, sikiliza. Kilichomfanya mtoto huyu hivi ni maji machafu na kukosa maziwa ya mama yake. Doa halijamgusa. Hajanyonya wiki mbili, mbona ameugua sasa?"

Swali lile lilimkaa Ng'washi rohoni vibaya. Wakati huo Rebeka alikuwa amewekwa kwenye titi, na hakuwa na nguvu ya kunyonya. Paskazia alilikamua, maziwa machache yakatoka, akayadondoshea mdomoni mwake tone kwa tone.

"Tunamwahisha hospitali," alisema Bimdogo. "Lakini niambieni kwanza. Karatasi yenu ina mistari mitano. Mimi si daktari, ila mstari wa nne naujua, nimeuona miaka yote. Unasema picha hii ilinganishwe na picha ya zamani kama ipo. Paskazia, uliwahi kupigwa picha nyingine?"

"Ndiyo. Nilipokwenda kufanya kazi jikoni kwa masista kule Ukerewe, mwaka wa tisini na mbili. Walitupiga wote."

"Iko wapi?"

"Nilikuja nayo hapa. Nafikiri ilipotea."

Ng'washi aliinuka. Alitoka, akavuka uwanja kwenye mvua nyembamba mpaka kwenye banda. Aling'oa misumari kwa panga, mmoja baada ya mwingine, na kuku wakamlalamikia. Aliporudi alikuwa ameshika ile picha kwa mikono miwili. Ilikuwa na matundu manne kwenye pembe, na mavi ya kuku yamekaukia juu yake.

"Ni hii," alisema.

Paskazia aliitazama picha, akamtazama mama mkwe wake.

Bimdogo aliipokea bila kushangaa. Aliomba maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Aliisafisha polepole, bila kusugua, kama alivyofanya miaka ishirini na miwili. Mavi yalitoka. Pembeni ukaonekana mwaka, na jina la Paskazia kwa herufi ndogo nyeupe. Aliinua picha kwenye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Unaona nini?" aliuliza Ng'washi.

"Nimekwambia mimi si daktari. Twendeni."

Ng'washi alifungua sanduku lake la bati. Chini ya nguo kulikuwa na bahasha nyingine, ya zamani, imelainika kwa kushikwa. Aliikunja na kuificha kwenye khanga. Hakumwambia mtu.

Rebeka alitundikiwa maji siku ile ile. Siku mbili za kwanza wauguzi hawakuahidi kitu. Nestory alikuja kutoka Mwaloni, Kirumba, alikokuwa anabeba magunia ya dagaa, akasimama mlangoni mwa wodi na harufu ya samaki mwilini, akaogopa kuingia. Siku ya tatu mtoto alilia kwa sauti. Ilikuwa sauti ndogo na ya hasira, na Paskazia ndipo alipolala usingizi kwa mara ya kwanza, ameketi vile vile.

Siku hiyo ndiyo waliyoitwa kwa Daktari Obedi, wa magonjwa ya kifua. Waliingia Paskazia, Bimdogo na Ng'washi. Daktari alikuwa na sanduku la taa ukutani. Alizipachika picha mbili, ya zamani na mpya, zikakaa bega kwa bega.

"Hii ina matundu," alisema.

"Ilikuwa kwenye banda la kuku," alisema Ng'washi. "Niliiweka mimi."

Daktari alitikisa kichwa, akachukua kalamu na kuonyesha. "Mama, njoo karibu. Doa hili la mwaka huu umeliona?"

"Nimeliona."

"Sasa tazama ya mwaka wa tisini na mbili. Mahali pale pale."

Ng'washi alisogeza uso. Punje ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, nyeupe, na ukubwa ule ule. Wiki zote zile, wakati mtoto analia ndani ya nyumba, doa hilo lilikuwa limekaa kwenye dirisha la kuku, na yeye alipita mbele yake kila asubuhi na bakuli la pumba. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Hili ni kovu," alisema daktari. "Paskazia, labda ulipokuwa mtoto, vijidudu viliingia pafuni mwako. Mwili wako ukapigana navyo, ukashinda, ukavizungushia kitu kama chokaa. Ndiyo maana doa ni jeupe sana na kingo zake zimenyooka. Watu wengi wa huku kwetu wanalo, na watazeeka nalo bila kujua. Una kovu gotini?"

"Ninalo."

"Linakuuma?"

"Hapana."

"Basi na hili ndivyo. Haliambukizi mtu, wala si dalili ya ugonjwa ule ambao watu wanausema kwa kunong'ona. Halizuii kazi."

"Kama halina neno, kwa nini waliliandika?" aliuliza Ng'washi. Aliuliza kwa ukali kidogo, kama mtu aliyedanganywa. "Katika kuku hakuna alama isiyo na neno."

Daktari hakucheka. Alikuwa mtu wa Magu, na wafumu aliwajua tangu utoto. "Mama, kuku anapasuliwa kwa swali moja, na mfumu anatafuta jibu la swali hilo. Picha haiko hivyo. Kiwanda kiliuliza kama ana kifua kikuu. Lakini mashine haichagui. Inaonyesha mbavu, moyo, makovu ya zamani, hata kifungo ukisahau kukivua. Na anayesoma picha ana wajibu wa kuandika kila alichokiona, hata kile alichokikuta njiani tu wakati anatafuta kingine. Mengi ya hayo hayana neno. Machache yanalo."

"Mtu atajuaje lipi lina neno na lipi halina?"

"Hilo ndilo swali," alisema daktari. "Hawezi kujua kwa kushika picha mlangoni. Hata mimi wakati mwingine siwezi kwa picha moja. Natazama umbo. Kisha natazama muda. Doa baya hubadilika. Lililokaa miaka mitano bila kuongezeka, tunaliacha. Ndiyo sababu picha ya zamani haitupwi. Isingekuwepo hii, mstari wa tano unasema arudi baada ya miezi sita apigwe nyingine."

Akaisoma karatasi yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Moyo ni wa kawaida. Kuna kinundu kidogo chenye chokaa juu ya pafu la kulia. Kinaelekea kuwa kovu la zamani. Kilinganishwe na picha ya zamani. Ikiwa haipo, arudi baada ya miezi sita.

"Mume wangu aliishia mstari wa pili," alisema Paskazia polepole.

"Na maziwa?" aliuliza Bimdogo, ingawa jibu alilijua. Alitaka lisikike.

"Pafu liko ndani ya mbavu, titi liko nje. Maziwa hayapiti pafuni. Hata mama mwenye kifua kikuu chenyewe, tunampa dawa na anaendelea kunyonyesha. Mnyonyeshe, Paskazia. Maziwa yatarudi."

Wakainuka. Ng'washi hakuinuka. Alikuwa anafungua pindo la khanga yake.

"Daktari, nisomee na hii."

Ilikuwa karatasi ya Antoni. Daktari aliikunjua juu ya meza, akaisoma kimya. Akamtazama mama yule.

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu. Alipigwa teke na maksai. Walituambia mbavu nzima."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mbavu zote nzima."

"Endelea."

"Mama..."

"Nisomee yote. Mpaka chini."

Daktari Obedi alisoma. "Kuna kivuli kidogo juu ya pafu la kushoto. Apimwe makohozi. Arudi baada ya miezi mitatu kwa picha nyingine." Kisha akauliza, taratibu, "Alirudi?"

"Hakurudi. Mbavu zilipona. Alikuwa haumwi."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia maji ya mvua.

"Kingetibika?" aliuliza Ng'washi.

Daktari angeweza kusema uongo wa huruma, na mwingine angesema. "Kama kilikuwa kifua kikuu, na nadhani ndicho, dawa zipo, na zinatolewa bure. Wengi wanaowahi wanapona."

Ng'washi aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile. Miaka mitatu aliamini kwamba doa limemuua mwanawe. Kumbe doa lilikuwa linamwita arudi, na hakuna mtu nyumbani aliyemsomea. Alilia pale pale kitini, mbele ya daktari, mbele ya mkwe wake. Hakumlilia Antoni siku ya mazishi kama alivyomlilia siku ile. Paskazia alisimama nyuma yake muda mrefu. Mwishowe akamwekea mkono begani.

Rebeka alikaa wodini siku tisa. Maziwa ya mama yake yalirudi, lakini polepole, na kwa wiki nyingi hayakutosha. Mtoto yule alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa, na alitembea akiwa na mwaka mmoja na nusu. Nafasi ya Paskazia kiwandani ilikuwa imechukuliwa na mwingine, kwa sababu Alhamisi ile hakuonekana. Walikula mapanki, yale mabaki ya sangara, miezi minne. Mwezi wa Aprili kiwanda kilichukua watu tena. Safari hii Paskazia alikwenda na picha zote mbili na barua ya daktari, akaajiriwa.

Ng'washi alikwenda Nyakato kuomba radhi. Alipeleka kuku wawili, wazima, wa kufuga. Paskazia aliwapokea kuku kwa heshima, akampa mama mkwe wake chai. Mtoto hakumpa. Ng'washi hakulalamika. Alikwenda mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya nne Paskazia alikuwa anakoroga ugali, akamwambia bila kugeuka, "Mama, nishikie Rebeka."

Mwezi wa Juni Kashindye, yule wa maziwa, alikanyagwa na ng'ombe wake mweusi. Alipigwa picha hospitali. Alirudi anachechemea na anacheka, bahasha kwapani.

"Mama mkubwa, mbavu nzima kabisa," alisema. "Hii picha chukua, uzibe dirisha la kuku. Nasikia lako liko wazi."

Ng'washi hakucheka. "Karatasi yake iko wapi?"

"Ya nini? Wameshasema mbavu nzima."

"Karatasi, Kashindye."

Alimpeleka mwenyewe zahanati siku hiyo hiyo. Alimwambia mganga, "Soma yote, mpaka chini." Mganga akasoma. Mbavu nzima, kivuli kidogo, apimwe makohozi, arudi baada ya miezi mitatu. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Kashindye alifurahi, akasahau. Ng'washi alichukua kamba ya katani, akafunga fundo kila Jumapili. Fundo la kumi na tatu lilipofika, alivuka korongo asubuhi, akamkuta Kashindye anakamua.

"Leo ndiyo siku," alisema.

"Mama mkubwa, mimi siumwi. Nitazame, nimenenepa."

"Naona. Vaa shati."

"Ng'ombe nitamwachia nani?"

"Antoni naye alikuwa haumwi," alisema Ng'washi. "Vaa shati, mwanangu."

Kashindye alivaa shati. Kivuli kilikuwa kimekua. Safari hii vijidudu vilionekana kwenye makohozi. Alimeza dawa miezi minane, kila siku, na kila siku Ng'washi alimuuliza kama amemeza. Alipona. Ng'ombe mweusi anamkamua mwenyewe mpaka leo.

Dirisha la banda sasa lina kipande cha ubao. Mvua ya upande ikija, maji yanaingia kidogo na kuku wanalowa. Ng'washi anawaacha walowe. Picha ya Kashindye iko ndani ya sanduku la bati, imenyooshwa chini ya nguo, na juu yake iko karatasi ya Antoni. Kusoma Kiingereza Ng'washi hajui, lakini karatasi hiyo anaikumbuka yote, mpaka mstari wa mwisho.